Majina Niliyoandika Kwenye Ripoti ya Mishahara

Ninyi wanafunzi mnaopanga vyumba vyangu hapa Nchiru mna tabia ya kuniuliza maswali makubwa mkiwa mmesimama mlangoni. "Shosho, kwani ulikuwa unafanya job gani?" Nikiwaambia nilifanya kazi na tume inayopanga mishahara ya waliochaguliwa, mnaangua kicheko. Mmoja wenu aliniuliza, "Sasa shosho, kama ni nyinyi mlikuwa mnawapangia, mbona wanakula hivyo?" Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikajifanya natafuta kiberiti.

Sasa nimesikia wawili wenu mmepata nafasi ya kujifunza kazi katika tume hiyo hiyo. Hongereni. Nawaandikia kabla hamjafunga mizigo, na nawaambia mapema kwamba sina mengi ya kuwatia moyo. Anayetaka kutiwa moyo aende kanisani Jumapili. Mimi nitawaambia tulivyofanya kazi, na kosa nililofanya, na mtu aliyeumia kwa kosa hilo badala yangu.

Tume yenyewe mnaijua kwa vitabu tu. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, waliochaguliwa walijipangia mishahara wenyewe. Walikaa kikao, wakainua mikono, wakaongezewa, wakaenda kula chakula cha mchana. Katiba mpya ikasema basi, mtu asijikatie nyama mwenyewe, iundwe tume ya wananchi wasiogombea kiti chochote, na hiyo ndiyo ipange. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Kulikuwa na mhasibu, na mama mmoja kiongozi wa wakulima, na wengine ambao siku zote walichelewa. Hao ndio waliokata shauri. Sisi makarani tulitangulia mashinani kupima kazi na kukusanya maoni ya watu.

Mimi nilizaliwa Kibirichia, kwenye viazi, nikaolewa Embu. Kwa hiyo nilikuwa na Kimeru cha mama yangu na Kiembu cha mama mkwe, na Kimbeere nikakiokota sokoni. Niliajiriwa kwa ajili ya ulimi huo, si kwa shahada, maana sina hata moja.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Njiru, mtu wa Embu, mfupi, mkali, mwenye koti moja la kijivu na peni tatu mfukoni, na hakuwahi kumwazima mtu hata moja. Alikuwa amepima kazi za serikali tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Siku ya kwanza alinipeleka upande wa Buuri tukakae na mwakilishi wadi mmoja, MCA kama mnavyomwita, tangu asubuhi hadi jioni, tuandike kila anachofanya. Tulimkuta langoni kwake, na watu kama kumi na watano wamekwisha kupanga foleni. Huyu mwanawe amefukuzwa shule. Huyu maiti ya shemeji yake imezuiliwa mochari. Huyu anataka nauli ya Nanyuki. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakutaka kitu, alitaka tu kujua kama mheshimiwa anamkumbuka. Kufika saa nne yule bwana alikuwa hajafanya hata jambo moja ambalo sheria inamtaka afanye, na mifuko yake ilikuwa imekauka. Mimi nilijaza yote kwenye fomu kwa mwandiko mzuri. Bwana Njiru alipoiona akapiga mstari juu ya ukurasa mzima.

"Hii si kazi ya kiti," akasema. "Kwa hiki kiti kuna kutunga sheria, kuna kukagua kaunti, kuna kuwakilisha watu. Hakuna mochari."

"Lakini Bwana Njiru, ameamka saa kumi na moja kwa sababu yao."

"Ameamka kwa sababu ya uchaguzi. Ukimwandikia hiyo kama kazi, kesho atataka alipwe nayo. Na hao wa foleni hawataacha kuja. Hapo utakuwa umesaidia nani?"

Nilinung'unika njia nzima hadi Meru mjini. Hata leo sijaamua nani kati yetu alikuwa na haki. Sheria ilikuwa upande wake, lakini ile foleni niliiona kwa macho yangu, na wengine waliokuwa pale ni watu wa kanisa letu, watu wanaolalamika kila siku kwamba waheshimiwa wanalipwa kupita kiasi.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kutafsiri na kuandika kwenye vikao vya maoni. Nisikilizeni vizuri hapa, maana haya hamtafundishwa. Kikao cha kwetu hakianzi bila sala, na ukimpa sala mtu asiyefaa utakula hasara ya nusu saa, kwa hiyo uliza mapema ni nani huomba kwa ufupi. Usikubali kuketi meza moja na chifu. Soda zitolewe mwisho, zikitolewa mwanzo utabaki na chupa na viti. Kina mama wapewe maikrofoni kabla ya saa nane, kwa sababu baada ya hapo wanaenda kukama na utaandika maoni ya wanaume watupu. Na usithubutu kuuliza, "Mheshimiwa alipwe kiasi gani?" Watasema asilipwe kitu, wapige makofi, waende zao, nawe utarudi ofisini na karatasi isiyosaidia mtu. Uliza hivi: kazi hii na ya nesi wa zahanati, ipi nzito? Na ya mwalimu? Hapo mtu anakaa chini anafikiri, na ukingoja atakupa jibu la kuandika.

Kule kwetu Kibirichia kuna mkulima aliyetufundisha sote siku hiyo, hata mwenyekiti. Kama hamjui, madalali wa viazi wana mchezo wao. Sheria inasema gunia lijazwe lishonwe sawa mdomoni. Wao wanalijaza, kisha wanaongeza wavu juu, viazi vinapanda hadi gunia linaota kichwa, na bei inabaki ile ile ya gunia. Yule mkulima akasema, "Nyinyi watu ya tume mnapima gunia tu. Hiyo mshahara ni gunia, sawa, mtashona mdomo. Lakini hii kichwa ya juu, ya kikao, ya mafuta ya gari, ya kulala hoteli, hiyo ndio inakula mkulima. Hiyo mtashona na nini?" Mwenyekiti alicheka akaandika. Sisi sote tulicheka tukaandika. Tungelia.

Nilikosea sana siku za mwanzo. Kosa ambalo Bwana Njiru hakuacha kulisimulia ni la mzee mmoja aliyesema kwa Kimeru kwamba mheshimiwa wao ni kama beberu la kuazima, limekula, limelala, na hakuna hata mbuzi mmoja aliyepata mimba. Mimi, mama wa watu, mbele ya wanatume na padri, nikaona aibu. Nikatafsiri, "Mzee anaomba uwajibikaji zaidi." Ukumbi mzima uliangua kicheko, maana wote walijua Kimeru isipokuwa wanatume wawili. Mzee akasimama tena, kwa Kiswahili chake: "Madam, mimi nimesema mbuzi. Hiyo ingine ni yako."

"Usimvalishe mzee suti," Bwana Njiru aliniambia garini. "Akisema mbuzi, andika mbuzi."

Tangu siku ile nikawa karani wa kuandika kila kitu. Nilipenda kazi hiyo, nisiwafiche. Mtu aliposema neno lake nikaliweka chini kama lilivyotoka, nilijiona nimefanya jambo la maana kuliko wanasiasa wote wa mlima huu. Na ni kiburi hicho kilichonipeleka kwenye kosa la pili, ambalo hakuna aliyecheka.

Mnajua watu wa kwetu wanavyosimama kwenye mkutano. Hakuna anayesimama akasema tu. Kwanza Bwana asifiwe. Halafu majina yake yote, halafu ni mtoto wa nani, bibi ya nani, anaishi ng'ambo gani ya mto, anaabudu kanisa gani na ameokoka tangu lini. Akimaliza hayo ndipo anakuja kwenye neno lililomleta, nalo mara nyingi ni fupi kuliko utangulizi wake. Bwana Njiru alikuwa akiyakata yote hayo. Kwenye ripoti zake ungesoma "msemaji wa kwanza", "msemaji wa pili", mpaka mwisho. Mimi iliniuma. Niliona kama anawanyang'anya watu sura zao.

Ripoti yetu moja ilipotoka, waliochaguliwa waliitupa. Walisema maoni yale yalipikwa hotelini na makarani waliokuwa wakinywa chai. "Huyu msemaji wa tatu ni nani? Ana kitambulisho? Ama ni mti?" Walisema hivyo redioni, na watu wakawaamini. Basi nikamwendea mwenyekiti nikamwambia, safari hii tuandike majina, yote, kama watu wenyewe wanavyojitaja. Nani atasema tumepika maoni ya mtu mwenye jina, mume na kanisa? Mwenyekiti aliipenda fikira hiyo. Bwana Njiru, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, aliweka peni yake chini.

"Mama Kendi," akasema, "hayo majina ni ya wenyewe. Wewe utakuwa Embu mjini umekunywa chai. Wao watabaki pale."

Sikumsikia. Nilidhani ni uzee na wivu wa kazi.

Basi tukashuka Mbeere, kwenye wadi moja ambayo sitaitaja, upande wa kuelekea Kiambere. Joto lile mnalijua. Tulifanyia kikao darasani, shule ikiwa imefungwa. Kabla hatujaanza alinijia mama kijana, mwembamba, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, viatu vimefutwa vumbi. Aliitwa Purity Igoki. Alikuwa mwalimu wa nasari, wa mkataba, wale wanaolipwa kidogo na kuajiriwa upya kila Januari kama kaunti ikipenda. Alikuwa na watoto wake watatu, na mumewe Ireri alikuwa mtu wa vibarua, leo yupo kesho hayupo. Mshahara ule mdogo ndio uliokuwa unga wa nyumba nzima.

"Mama, nataka kuongea," akaniambia. "Lakini mheshimiwa ako hapa. Nikiongea haitanirudia?"

Mwakilishi wao wa wadi alikuwapo kweli, amekaa mstari wa mbele, ametandaza magazeti magotini. Alikuwa na haki ya kuhudhuria kama mwananchi yeyote.

Hapa ndipo ningetaka mnishike mkono, kama mngekuwapo. Kazi yetu ilikuwa na mwiko mmoja mkubwa, kwamba karani haahidi. Unaweza kumwambia mtu saa ya kuanza na mahali pa choo, basi. Lakini nilimtazama yule binti nikamwona mimi mwenyewe, mama wa kazi ndogo anayetaka kusema neno kubwa. Nikamshika bega. Nikamwambia, "Sema mwanangu. Hii ni tume huru. Na jina lako likiwa kwenye ripoti, hakuna atakayekugusa. Jina ndilo litakulinda."

Yalitoka kinywani mwangu hivyo. Sitii chumvi.

Alisimama. Bwana asifiwe. Majina yangu ni Purity Igoki Nyaga, mtoto wa marehemu Nyaga mliyemjua, bibi ya Ireri. Akataja kanisa lake. Akaitaja nasari anayofundisha. Kisha akasema, "Mimi sina ubaya na mheshimiwa. Mimi niko na watoto wengi kwa darasa moja, wengine wanakaa chini. Mheshimiwa akienda kikao, analipwa ile ya mwezi na analipwa ya kikao. Mimi nikiingia darasa sihesabiwi kikao. Tume ikitaka kupunguza, apunguziwe hiyo ya kikao, na sisi walimu wa nasari tuandikwe kazi ya kudumu. Ni hayo tu. Mungu awabariki."

Watu walipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Mheshimiwa naye alipiga makofi, tena akitabasamu. Mimi niliandika kila neno, na jina lake lote. Nilirudi Embu nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena katika kazi.

Tume ilikata. Ile posho ya kikao ilipunguzwa, na kwa wiki chache watu walitusalimia barabarani kama wachezaji wa mpira. Lakini utaratibu ulitaka ripoti yote, pamoja na kurasa za maoni nyuma, ipelekwe kwa wanaohusika ili wajibu. Haki yao. Ilipelekwa. Mimi mwenyewe niliifunga kwa kamba na kuiweka kwenye bahasha.

Januari, Igoki alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Alisema orodha ya walimu wa nasari wa wadi yao imebandikwa. Walimu wote wa mwaka uliopita wamo isipokuwa yeye.

"Labda ni makosa ya kuchapa," nikamwambia.

"Ndiyo, mama. Labda."

Amepigwa kalamu, nikajua, na aliyewashikia kalamu ni mimi.

Nilishuka kwenda kumwona mheshimiwa, bila ruhusa ya mtu. Nilikuta foleni nje ya ofisi yake. Alinipokea vizuri, akaniagizia chai, akaniita mum. Nikamweleza.

"Mum, mimi sina ubaya na huyo mama," akasema, kwa maneno yale yale aliyoyatumia Igoki. "Kwani ni mimi naajiri? Mimi ni MCA, naajiri na kalamu gani? Uliza kaunti."

Kwenye meza yake kulikuwa na ripoti yetu. Ilikuwa imekunjwa pembe kwenye kurasa za nyuma, na sikuhitaji kuifungua.

"Lakini nikuambie ukweli," akaendelea. "Nyinyi mlinipunguzia, mkaenda. Umeona watu hapo nje? Hao mliwapunguzia? Kuna mmoja amesema nipunguziwe, na bado mwezi huo huo bwana yake alikuja hapa kuomba ya hospitali, nikampa. Mniambie nifanye nini."

Nilitaka kumchukia na sikuweza kumchukia vya kutosha. Nilikunywa chai yake yote. Niliporudi nilimweleza mwenyekiti, akashika kichwa kwa mikono miwili, kisha akasema sheria haitupi mamlaka juu ya nani ameajiriwa nasari gani. Alikuwa mtu mwema. Aliandika barua mbili, na moja ilijibiwa: suala linashughulikiwa.

Posho je? Walienda mahakamani, wakasimamisha punguzo hilo kwa muda, ingawa mwishoni walishindwa. Wakati kesi ikiendelea, posho zikaota vichwa vipya: ya kukagua, ya kuandaa kukagua, ya semina ya kujifunza kukagua, na semina yenyewe ni Mombasa. Tukishona hapa panafumuka pale. Yule mkulima wa Kibirichia alikutana nami sokoni akaniuliza kama uzi umetuishia. Hakuwa na mzaha usoni.

Bwana Njiru nilimpelekea habari nyumbani kwake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kustaafu. Nilitaka anikemee. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza huyo mama ana watoto wangapi, nikamwambia watatu. Halafu akaninunulia mkungu mdogo wa ndizi kwa jirani yake nimpelekee Igoki. Hakusema "nilikuambia". Ingekuwa nafuu kama angesema.

Tume ikatunga kanuni. Mtaiona kwenye mwongozo wenu wa kazi, chini ya kila fomu ya maoni, kwa wino mzito: jina la mtoa maoni lisiandikwe. Mkiisoma hiyo mjue inatoka wapi. Ilichelewa kwa mtu mmoja.

Igoki alichuma muguka, yale majani yanayotafunwa kama miraa, kwenye mashamba ya watu. Alijaribu kupanda ndengu, mvua ikagoma. Nilimtumia kitu kidogo kila nilipoweza, na kila mara alinipigia kushukuru, na kila mara niliogopa simu ile. Hakunilaumu hata siku moja. Ningependa kuwaambia kwamba nilijisamehe, lakini nitakuwa nawadanganya.

Miaka ikapita, uchaguzi ukaja, mheshimiwa akarudi kwa kura nyingi. Tume ikatakiwa kupanga mishahara upya. Mimi nilikuwa nimebakiza safari moja tu kabla ya kustaafu, na safari hiyo ikaangukia wadi ile ile, darasa lile lile, joto lile lile. Nilifika nikakuta watu wameshajaa. Wamekuja kwa lori mbili. Nikajua mara moja kwamba wameletwa, maana watu wanaokuja kwa miguu hawafiki wote kwa wakati mmoja.

Wa kwanza akasimama, Bwana asifiwe, majina yote, mheshimiwa anachapa kazi, aongezewe. Wa pili, aongezewe. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Huyu MCA wetu ni msee wa maana, hata hiyo mnampea ni kidogo, muongeze." Watu walipiga makofi kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja. Mimi niliandika: msemaji wa kwanza, msemaji wa pili. Nilitafsiri kila kitu kama kilivyotoka. Nilikuwa nimejifunza kazi vizuri sana.

Wa saba akawa Igoki. Sikumtambua upesi, alikuwa amekonda na meno mawili ya mbele hayapo. Alisema kwa Kimbeere, macho yakiwa juu ya ukuta nyuma yangu, kwamba mheshimiwa ni baba wa wadi, kwamba amemsomesha mtoto wake wa kwanza, kwamba posho ya kikao ilipunguzwa kwa uchungu wa watu wachache wasiojua kazi yake ilivyo nzito, na kwamba irudishwe, na iongezwe. Nikayatafsiri maneno hayo kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Mwenyekiti mpya aliandika akiitikia kwa kichwa.

Kikao kilipokwisha, watu wakiwa kwenye soda, Igoki alikuja mezani pangu. Nilisimama nikamkumbatia. Alikuwa mwepesi.

"Mama, umeniandika?" akauliza.

"Nimeandika ulichosema, Igoki."

"Na jina?"

"Siku hizi hatuandiki majina. Tuliacha kwa sababu yako. Ili isije ikakurudia tena."

Alishtuka. Akashika ukingo wa meza. "Hapana, mama. Tafadhali. Wanaajiri nasari Januari, ya kudumu. Mheshimiwa amesema ataangalia kwa ripoti aone nani aliongea. Nikikosa kwa hiyo ripoti, nitasema nilikuwa wapi?"

"Igoki, hayo uliyosema, unayaamini?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo la kitoto mbele ya wageni. "Mama, wewe andika tu."

Nyuma yake darasa lilikuwa linatoka watu. Mwenyekiti alikuwa nje akiagana na chifu. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nimemwambia jina lake litamlinda, na sasa alikuwa ameamini. Nilifungua fomu. Ile kanuni ilikuwa pale chini kwa wino mzito. Nikakata "msemaji wa saba", na pembeni nikaandika Purity Igoki Nyaga, bibi ya Ireri.

Akainama juu ya meza akasoma, kidole chake kikifuata kila neno.

"Hapo kwa Nyaga haionekani vizuri," akasema. "Weka kubwa, ili asome."

Nikalikata, nikaliandika upya kwa herufi kubwa.